Mbuzi, bibi na nyimbo za unyago: nani aamue kipi kifunikwe?

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni ndugu na marafiki wanane, asili yetu Tanga na Pangani. Wanne tuko nyumbani, mmoja yuko Mombasa, wawili Muscat na mmoja Malmö, Sweden. Tumekusanya picha na sauti za wazee wetu, zimefika kama 600, na tunataka kuziweka kwenye tovuti ili watoto wetu wazipate popote walipo. Tulikubaliana kwamba chochote kinachoweza kumkwaza mtu kiwekewe onyo na picha ififishwe mpaka msomaji mwenyewe abonyeze. Hapo ndipo tulipokosana. Kuna picha ya bibi ananyonyesha barazani, ziwa liko nje. Wa Muscat wanasema ifunikwe, sisi wa nyumbani hatuoni kitu. Kuna picha ya mbuzi anachinjwa siku ya Idi. Sisi hatukuifikiria hata kidogo, lakini wa Malmö anasema mwanawe alilia alipoiona. Kuna kanda za nyimbo za unyago ambazo mama zetu wanasema zisitoke kabisa. Juu ya hayo, programu tuliyoweka ichuje matusi inazuia hadithi za watu wenye heshima zao, hata neno 'kumaliza' inalikataa. Je, hakuna kipimo kimoja cha kimataifa tukifuate tu, tuache kugombana? Na kama hakuna, nani kati yetu yuko sahihi?"

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na naona kinachokuumiza zaidi ni kwamba watu waliokula sahani moja wameanza kutazamana vibaya. Wa Muscat wanaonekana wamezidisha dini, wa Malmö anaonekana amegeuka Mzungu, na nyinyi mliobaki nyumbani mnaonekana hamna haya. Niseme mapema kwamba hakuna kati yenu aliyepotoka. Kila mmoja amesema kweli ya mahali alipo. Tatizo liko kwenye hilo onyo lenu moja, ambalo mmelibebesha kazi mbili kwa pamoja: kusema ndani ya picha mna nini, na kusema kama kilichomo ni kibaya. Kazi ya kwanza watu wanane wanaweza kukubaliana wakikaa jioni moja. Ya pili hamtakubaliana hata mkikaa mwaka.

Kipimo cha kimataifa unachokiuliza kilishatafutwa, tena kwa bidii, na jinsi kilivyoshindikana kuna faida kwenu kuijua. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia mambo machafu kwenye intaneti. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikavitengua vifungu vyake vikuu, kwa sababu vilibana haki ya watu wazima kusema na kusoma. Katikati ya mabishano hayo likazuka wazo zuri: kila ukurasa ujieleze kwa alama ambazo kompyuta inazisoma, kisha kila nyumba ijipangie kiwango chake. Shirika la W3C, linalotunza kanuni za wavuti, likatoa utaratibu ulioitwa PICS. Baraza moja la Marekani, lililoanzishwa 1994 kupima michezo ya kompyuta, likatunga mizani iliyoitwa RSACi, na Microsoft ikaitia ndani ya Internet Explorer, programu yake ya kufungulia tovuti. Mizani hiyo ilikuwa na mambo 4: utupu, ngono, ukatili na lugha. Kila moja lilipimwa kuanzia 0 hadi 4.

Sasa itazame ngazi ya 1 ya utupu: mavazi yanayoonyesha mwili. Isome ukiwa umekaa Muscat, kisha isome ukiwa ufukweni Malmö mwezi wa Julai. Tena huna haja ya kwenda mbali. Mwanamke wa Pangani aliyejifunga kanga kifuani akikuna nazi uani kwake, huyo ni 0 au 1? Uani hakuna wa kumsemesha. Akitoka na kanga ile ile mpaka barabara kuu, watu watageuza shingo. Mwili ni ule ule na nguo ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali na nani anayetazama, na mizani ile haikuwa na pa kuandika hayo.

Waliokuja baadaye waliliona kosa hilo. Mwaka 1999 likaundwa shirika jingine, ICRA, likaziacha zile ngazi. Badala ya kumwuliza mwenye tovuti "utupu wako ni wa kiasi gani?" likamwuliza maswali ya ndiyo na hapana: kuna matiti yaliyo wazi? kuna damu? Kisha likaongeza jambo lenye busara, yaani muktadha: je, hayo yamewekwa kwa ajili ya sanaa, elimu au tiba? Kwa maoni yangu huko ndiko walikokaribia zaidi. Lakini wenye tovuti wengi hawakujisumbua kujaza. Hata kabla ya hapo vyombo vya habari vilikuwa vimeshagoma kujipima, kwa sababu habari ya vita ingepewa namba sawa na filamu ya mapigano. Mwaka 2010 kazi ya alama za ICRA ikafungwa.

Dhana ya pili ninayotaka kuiondoa ni ile inayosema kwamba wenye kukwazika ni sisi tu, na Wazungu wana kauli moja. Septemba 2016 gazeti la Norway liitwalo Aftenposten liligombana hadharani na Facebook. Picha yenyewe ilikuwa ile ya Juni 1972 ya msichana wa Vietnam anayekimbia uchi, mwili umeungua kwa napalm, yaani moto wa mabomu. Sheria ya Facebook ilikataza picha za watoto walio uchi, na hiyo ni sheria ambayo mimi naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila kwa Wanorwe picha ile ilikuwa ushuhuda wa vita. Waziri mkuu wao, Erna Solberg, alipoiweka kwenye ukurasa wake nayo ikafutwa. Siku hiyo hiyo kampuni ikarudi nyuma na kuiruhusu. Hao ni Wamarekani na Wanorwe, watu ambao tukiwa huku tunawaita kwa jina moja.

Na hilo suala lenu la kunyonyesha liliwatesa wao pia. Miaka mingi akina mama walilalamika kwamba picha zao zinafutwa, mpaka mwaka 2015 Facebook ilipoandika wazi kwenye kanuni zake kuwa picha za kunyonyesha zinaruhusiwa. Hata baada ya hapo, Oktoba 2020, mwanamke mmoja wa Brazil aliweka Instagram picha za kufundisha dalili za saratani ya matiti, na mashine ikaziondoa bila mtu yeyote kuzitazama. Mashine iliona chuchu, haikusoma maneno yaliyoandikwa juu yake.

Kuna jambo moja ambalo hata wataalamu hulipita haraka. Tunasema "eleza tu kilichomo, usihukumu," kana kwamba maelezo hayana upande. Upande upo, na unaonekana katika yale unayoamua kuyataja. Ile mizani ya mambo 4 haikuwa na mahali pa kufuru, wala pa uchawi, wala pa kuchinja kwa ibada. Nchini Australia vipindi vya televisheni na kumbukumbu za taifa huanza kwa kuwatahadharisha wenyeji wa asili kwamba ndani kuna picha, majina au sauti za watu waliokwisha kufa, kwa kuwa katika jamii nyingi za wenyeji hao kumtaja au kumwonyesha marehemu ni jambo zito. Ungewaweka watu wa California chumba kimoja wakatunge orodha ya mambo nyeti, wangekaa mpaka asubuhi bila kulikumbuka hilo. Nawe uliandika mwenyewe kuhusu mbuzi: "hatukuifikiria hata kidogo." Orodha ya mambo nyeti hutungwa na waliopo chumbani, kwa hiyo msiifunge kabla ya kila mmoja wenu wanane kusema la kwake.

Nije kwenye maneno, maana hapo ndipo Kiswahili kinapoitesa mashine kuliko picha yoyote.

Neno lenu "kumaliza" lina herufi 8. Likate katikati, soma nusu ya kwanza, utajua kwa nini programu imeruka. "Kumaanisha" nalo lina balaa hilo hilo, na huko Makueni, Kenya, kuna jimbo zima liitwalo Mbooni ambalo watu wake wataonekana watukanaji kila wakiandika wanakotoka. Si Kiswahili peke yake: mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kujiandikisha kwenye huduma ya AOL kwa sababu jina la mji wao limebeba tusi la Kiingereza katikati. Ila kwetu ugonjwa huu ni mkubwa zaidi, kwa sababu lugha yetu hujenga neno kwa kuunganisha vipande. Kila kitenzi kinachoanza na "ma" kikivishwa "ku" kinaingia kwenye mtego. Ukiiambia programu itazame maneno kamili tu, "kumaliza" litapona, lakini matusi halisi yaliyovishwa "wa", "ki" au "ni" yatapita mlangoni bila kuulizwa. Ndiyo maana orodha ya maneno, hata iwe ndefu namna gani, kwa Kiswahili inatakiwa kumwonyesha mtu tu. Isipewe ruhusa ya kufuta.

Halafu yapo maneno yaliyo safi kwa jirani na machafu kwetu, au kinyume chake. "Malaya" kwa Kifilipino maana yake ni huru, na Ufilipino lipo gazeti lenye jina hilo. Jinja, Uganda, tangu 2015 kumekuwa na tamasha la muziki liitwalo Nyege Nyege. Waandaaji wake hueleza kwamba kwa Kiganda ni ile hamu ya ghafla ya kucheza isiyozuilika. Mswahili akilisoma hufunika mdomo. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alijaribu kulipiga marufuku tamasha hilo.

Magumu kuliko hayo ni maneno ya Kiswahili chenyewe, yanayobadilika kati ya mji na mji. Tazama "shahidi". Mahakamani ni mtu aliyeona. Msikitini na kanisani anaweza kuwa aliyeuawa kwa ajili ya imani yake. Ndugu yake wa Kiarabu ni neno ambalo kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, ilikuwa ikiliondoa kila lilipotumiwa kumtaja mtu aliye kwenye orodha yake ya watu hatari, mpaka Machi 2024 bodi inayopitia maamuzi ya kampuni hiyo iliposema kwamba marufuku ya jumla namna hiyo inazuia mazungumzo mengi yasiyo na kosa. Au chukua "madoadoa". Mama wa Tanga akiandika kwamba mtoto ana madoadoa mgongoni, anatafuta dawa. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alilitamka neno hilo hilo jukwaani Eldoret na akakamatwa, kwa sababu Bonde la Ufa lina kumbukumbu ya neno hilo kutumika kwa watu walioitwa wageni, kabla ya nyumba zao kuchomwa. Aprili mwaka huo huo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ikaliorodhesha miongoni mwa maneno ya chuki. Tume haikukosea, na mama wa Tanga naye hakukosea.

Hapa nina jambo langu la kusimulia. Miaka kadhaa iliyopita niliajiriwa na kampuni moja ya nje kuweka alama kwenye ujumbe wa Kiswahili uliokusanywa mitandaoni, ili mashine ijifunze kutambua chuki. Kila ujumbe ulisomwa na watu 3, na tulipotofautiana kura 2 zilishinda. Siku moja ikaja sentensi hii: "Shoga usininunie, kesho nakuletea ile kanga." Nikabonyeza "salama" bila kufikiri, maana nimekulia nyumba ambayo wanawake waliitana hivyo toka asubuhi mpaka usiku. Wenzangu wawili, vijana waliokulia bara, wakabonyeza "tusi dhidi ya kundi la watu", kwa kuwa kwao neno hilo lina maana moja tu na hutupwa kama jiwe. Kura 2 kwa 1. Mwanamke anayembembeleza rafiki yake akaandikwa kwenye daftari la chuki. Niliomba tuandike kwamba tumetofautiana, nikajibiwa kwamba fomu haina nafasi hiyo. Mpaka leo naamini kule kutofautiana ndiko kulikokuwa taarifa yenye thamani kuliko alama zote tulizobonyeza siku ile, na ndiko kulikotupwa.

Na kuna upande wa pili ambao hakuna programu itakayouona. Mtu ananunua doti ya kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", anaifua ikiwa mpya, anaianika upande wa dirisha la jirani yake. Hakuna neno chafu hapo. Mtaa mzima umeshaelewa, na jirani amefunga dirisha. Taarabu ya mipasho yote imesimama juu ya ufundi huo. Mkiwa na kanda za taarabu kwenye mkusanyiko wenu, jueni kwamba tusi zito kuliko yote linaweza kuwa ndani ya wimbo ambao programu yenu imeupa alama safi.

Basi mfanye nini? Njia ziko kadhaa na kila moja ina gharama yake.

Mnaweza kufunika kila kitu ambacho hata mmoja wenu amekipinga. Amani mtaipata haraka, lakini mtoto wa Malmö atakayefungua tovuti atakuta wazee wake wamejaa maonyo, kama kwamba walikuwa watu wa aibu. Mimi hiyo naikataa. Onyo likizidi, linamfundisha mtu kumwonea haya bibi yake.

Mnaweza kuipa kila nchi mlango wake. Wenye michezo na programu za simu hufanya hivyo: tangu 2013 upo utaratibu uitwao IARC, mtengenezaji anajaza fomu moja ya maswali juu ya kilichomo, na majibu yale yale yanazaa umri tofauti Ujerumani, Brazil, Australia na Marekani, kila nchi kwa desturi yake. Maelezo yanaandikwa mara moja na hukumu zinakuwa nyingi, nami naupenda sana utaratibu huo. Lakini mipaka ya nchi si mipaka ya aibu. Hata ndani ya Muungano wetu Zanzibar ina baraza lake la kukagua filamu, mbali na Bodi ya Filamu ya Bara. Na Mtanga aliyeko Muscat si lazima aone kama Muscat inavyoona.

Njia ninayowashauri ni kueleza kilichomo kwa maneno ya wazi, kisha kila msomaji ajichagulie mara moja anachotaka kifunikwe. Nayo ina hatari ambayo sitakuficha. Mwaka 2011 shirika linaloendesha Wikipedia lilipanga kuwapa wasomaji uwezo wa kuficha picha kwa namna kama hiyo. Wahariri wengi, hasa wa Wikipedia ya Kijerumani, walipinga vikali. Hoja yao moja ilikuwa na uzito: alama ukishaibandika, mtu yeyote mwenye mkasi, awe mwajiri, shule au serikali, anaweza kuitumia kukata kwa niaba ya watu wazima. Mwaka uliofuata mpango ukawekwa kando. Kwa hiyo alama zenu ziwe chache, na ziwe sentensi zinazosomwa na binadamu, zisiwe namba zinazosomwa na mashine ya mtu mwingine.

Kwa mifano yenu, ya mbuzi ningeandika hivi: "Mbuzi anachinjwa kwa ajili ya Idi el-Haji. Damu inaonekana." Basi. Sentensi hiyo haimhukumu aliyechinja na haimdharau mtoto aliyelia. Mzazi wa Malmö akiwa amechagua damu ifunikwe, itafunikwa kwake. Nyumbani Pangani itakuwa wazi. Mwambieni pia mzazi huyo kwamba mtoto kulia kwa kumwona mbuzi akichinjwa si dalili ya kupotea. Wengi wetu tulilia mara ya kwanza, kisha tukala nyama.

Ya bibi: "Mama ananyonyesha barazani." Pengine kifua kinatajwa, pengine hakitajwi, hapo ningewasikiliza wa Muscat, ila kwa swali tofauti na mlilowauliza. Msiwaulize kama picha ni mbaya. Waulizeni wanaogopa nini. Nina hisia kwamba watasema wanaogopa wanaume wasiomjua bibi watakavyomtazama, na hiyo ni hofu ya kumlinda, haina uhusiano na kumkataa. Kumbukeni kwamba picha ilipigwa barazani, mbele ya watu wa mtaa wake. Bibi aliiruhusu baraza ile imwone. Hakuna aliyemwuliza kuhusu dunia nzima.

Nyimbo za unyago ni jambo la aina nyingine kabisa, na hapa sitabembeleza: mama zenu wana haki. Hizo hazijafichwa kwa kuwa ni chafu. Zimefichwa kwa kuwa zina wenyewe. Kungwi humfunda mwali kwa wakati wake, ndani, mbali na wanaume, na wimbo uliotolewa ndani ukatupwa nje umeshapoteza kazi yake hata kama maneno yote yamebaki. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alizipeleka ngoma za unyago majukwaani mbele ya wanaume na wageni, na wapo waliompenda kwa hilo na wapo waliolisikitikia. Lakini yeye alikuwa mwenye ngoma. Nyinyi ni watoto wa wenye ngoma.

Watu wa kuwaiga hapa ni Wawarumungu wa kaskazini mwa Australia. Pamoja na mtaalamu Kim Christen walijenga programu ya kuhifadhi kumbukumbu iitwayo Mukurtu, ambayo ndani yake picha au wimbo unafunguka kulingana na nafasi ya mtu katika jamii. Kutokana na kazi za namna hiyo zikatokea alama za maarifa ya jadi za mradi wa Local Contexts. Hazisemi kitu ni kibaya wala kizuri. Zinasema wenyewe wanataka kitendewe vipi: hiki ni cha wanawake, hiki husikilizwa msimu fulani, hiki ni kitakatifu. Mgeni anatakiwa apige hodi, basi. Ila alama haina kufuli. Kanda ikishapanda kwenye tovuti, mtu mmoja akiinakili imekwisha. Kwa hiyo sauti zenyewe zikae kwenye diski nyumbani kwa mmoja wa akina mama, na kwenye tovuti muandike tu: "Nyimbo za unyago, zimerekodiwa Pangani. Zinasikilizwa na wanawake, kwa kumwomba mtunzaji."

Ile programu ya matusi iwekeni iwaonyeshe maneno, isizuie kitu, na mpokezane kuyasoma, mmoja wa pwani na mmoja aliyekulia kwingine. Mkitofautiana andikeni sababu ya kila mmoja pembeni ya neno. Kwa picha na sauti 600 na hadithi zake ni kazi ya mtu kusoma na kufahamu. Hamna ukubwa wa kuhitaji mashine iamue.

Yapo mambo ambayo mimi kwa barua sitoshi. Kama ndani ya picha hizo kuna hata moja ya mwali au mtoto yeyote asiye na nguo, msiipandishe, msiitumiane kwa simu, wala msijadiliane alama yake. Hilo limetoka kwenye desturi limeingia kwenye ulinzi wa mtoto, na mtu wa kuongea naye ni wakili. Wakili huyo huyo awaangalizie sheria za mahali mlipo: Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya 2019, na Oman ina sheria ya makosa ya mtandao ya 2011. Wawili wenu wanaoishi Muscat wasiwe wasimamizi wa tovuti kabla ya kupata ushauri wa mtu anayeijua sheria ya huko. Na kama kati ya kanda zenu kuna mzee anayesimulia kupigwa, kubakwa au kuuawa kwa ndugu yake, msimkabidhi kijana mmoja azisikilize peke yake usiku kucha ili aziwekee alama. Wasikilize wawili, mchana, na kuwe na mtu mzima wa kuongea naye baadaye. Mimi nimezifanya kazi hizo na najua zinavyorudi usingizini.

Kabla ya kikao chenu kijacho, mmoja wenu wa nyumbani achukue ile picha ya bibi aende nayo mtaani kwake. Kama bibi yu hai mwonyesheni yeye, na kama ametangulia mwonyesheni mtoto aliyekuwa akinyonya, ambaye sasa atakuwa mtu mzima. Nendeni na picha iliyochapishwa kwenye karatasi, aishike, msiende na simu. Akisema iwekwe wazi, waandikieni wa Muscat kwamba mwenyewe amesema. Akisema hapana, itoeni.